Bunduki Ilikuwa ya Kazi Gani?

Katika msimu wa kahawa uliopita wezi waliingia usiku katika nyumba moja hapa kwetu Ihanda, nao walikuwa na bunduki. Mwenye nyumba alikuwa amepokea fedha za kahawa yake siku chache kabla. Hawakumwua, ila walimpiga sana, wakachukua fedha zote, wakaenda zao. Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani hawakwenda makwao mara moja, bali walikaa chini ya miti wakabishana hata jua likawa la utosi. Vijana walisema, "Kila nyumba yenye uwezo na inunue bunduki, kwa maana mwizi akijua ya kuwa bunduki iko ndani atapita mbali." Mzee mmoja tunayemheshimu sana akawajibu, "Wanangu, babu zenu walikuwa nazo bunduki. Je, mwajua zilikuwa za kazi gani?" Hapakuwa na aliyejibu. Ndipo wakatugeukia sisi walimu, wakasema, "Ninyi mnaosoma vitabu, tuambieni."

Basi tumejaribu. Yaliyo katika karatasi hizi si hukumu, ni habari tu, ingawa hatutaficha mawazo yetu pale tutakapoona lazima.

Kwanza tukumbuke nchi hii ilivyokuwa. Unyiha wa Mbozi ni nchi ya juu, yenye udongo mzuri na mvua ya kutosha, tena iko njiani, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Ziwa Rukwa upande wa kaskazini. Nchi iliyo njiani hupata biashara, na adui hupata vilevile. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliotoka kusini mwa Afrika, walifika mpaka Ufipa, ambako Zwangendaba alikufa karibu na mwaka wa 1848. Baadaye wakaja Wabemba kutoka kusini-magharibi, na kutoka mashariki Wasangu wa Merere. Wote walitaka mambo yale yale: ng'ombe, chakula, na watu wa kuchukua.

Wanyiha walijilinda kwa boma. Miti mirefu ilisimikwa chini karibu karibu, ikafungwa pamoja, na nyumba zote zikawa ndani yake. Watu walitoka asubuhi kwenda mashambani na kurudi kabla ya jua kuchwa. Jambo hili twapenda wasomaji walishike, maana tutalirudia: ulinzi wa wakati ule haukuwa wa mtu mmoja nyumbani mwake. Hapakuwa na nyumba iliyojilinda peke yake. Mtu aliyejenga mbali na boma alihesabiwa kuwa mpumbavu au mchawi.

Wala hawakuwa maskini wa silaha. Wanyiha walikuwa mafundi wa chuma tangu zamani. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo, wakafua majembe, mikuki na mishale, na majembe yao yaliuzwa kwa majirani. Kadhalika walijulikana kuwa wawindaji hodari wa ndovu. Mambo haya mawili, chuma na ndovu, ndiyo yaliyoifungulia bunduki mlango.

Bunduki ilikuja kwetu ikifuata pembe. Katikati ya karne ya 19 Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kuingia nchi za maziwa, wakileta nguo, ushanga, baruti na bunduki, wakipokea pembe na watumwa. Bunduki nyingi walizozileta zilikuwa kuukuu za majeshi ya Ulaya. Majeshi yale yalipopata bunduki mpya za kutiwa risasi kwa nyuma, zile za kushindiliwa mdomoni hazikuwa na kazi tena kwao, zikapakiwa merikebuni, zikaja kuuzwa rahisi Unguja. Mwaka wa 1888 balozi wa Waingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikisia ya kuwa bunduki 80,000 mpaka 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Hata kama alizidisha, msomaji na afikiri ni bahari gani ya chuma iliyomwagwa barani katika muda wa miaka michache.

Vijana wetu wamezoea kuona bunduki za polisi tu, kwa hiyo yafaa tueleze gobori linavyotiwa. Mpigaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu kwa kipimo, hutia kitambaa au nyuzi za gome, akashindilia kwa mdeki. Kisha hutia risasi, au kipande cha chuma kama risasi hana, akashindilia tena. Likiwa la gumegume, hutia baruti kidogo nje penye tundu, ili jiwe likipiga chuma cheche ziwashe baruti ile, na moto upenye ndani. Likiwa la fataki, huvika fataki mahali pake badala ya jiwe. Askari wa Ulaya aliyefunzwa vema aliweza kupiga mara tatu kwa dakika moja, mchana, pakavu, akiwa katika safu ya wenzake. Lakini mtu aliyeshtushwa usingizini, gizani, mvua ya Januari ikinyesha kama inyeshavyo huku kwetu, aliweza kupiga mara moja, nayo kama baruti haikupata unyevu. Baada ya hapo alibaki na rungu refu mkononi.

Kwa hiyo gobori ni silaha ya mtu anayevizia, mwenye nafasi ya kuchagua saa yake na mahali pake. Mtu huyo ni mwindaji. Pia anaweza kuwa mnyang'anyi, maana mnyang'anyi ndiye achaguaye saa. Anayeshambuliwa hachagui. Tulipowaza neno hili tulishangaa kidogo, kwa kuwa vijana wetu wanaitaka bunduki kwa ajili ya mtu yule ambaye inamfaa kuliko wote kwa uchache.

Na kwa kweli kazi yake kubwa katika nchi hii ilikuwa ndovu. Pembe moja nzuri ilileta bunduki, na bunduki ilileta pembe nyingine. Kwa desturi ya makabila mengi ya upande huu, ndovu akianguka pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mwenye nchi, na kwa njia hii bunduki na baruti zilikusanyika kwa watawala na kwa wawindaji wao. Mtu wa kawaida mwenye jembe lake hakuwa na bunduki, wala asingeweza kupata baruti ya kuilisha. Twasema haya kwa sababu wako watu wanaodhani ya kuwa zamani kila mzee alikuwa na bunduki yake ukutani akilinda watoto wake. Sivyo.

Je, bunduki hazikulinda watu kabisa? La, hatuwezi kusema hivyo. Zikiwa ndani ya boma, mikononi mwa watu waliosimama nyuma ya miti, zilitisha, na adui aliyekuja na mikuki mitupu aliweza kurudi kwa mshindo wake tu. Lakini adui naye alikwenda kwa wachuuzi wale wale, akanunua vilevile. Tena mahali penye bunduki palikuwa na pembe, na mahali penye pembe palijulikana mbali.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko karibu nasi, upande wa pili wa milima, Karonga penye Ziwa Nyasa. Huko alikaa mfanyi biashara wa pembe na watumwa jina lake Mlozi, akajenga boma imara. Huko pia kampuni ya Waskoti, African Lakes Company, ilikuwa na ghala yake, chini ya Bwana Fotheringham. Mwezi wa Oktoba 1887 watu wa Mlozi waliwashambulia Wangonde penye ziwa dogo la Kambwe, wakawaua wengi katika matete. Wangonde waliosalia wakakimbilia kwa kampuni. Hapo kila upande ulisema neno moja, ya kuwa silaha zake ni za kujilinda tu. Mlozi alisema analinda biashara yake na watu wake. Kampuni ilisema inalinda ghala yake na wakimbizi. Vita vikaendelea mpaka 1889. Kapteni Lugard, yule ambaye baadaye alikuwa mtu mkubwa huko Uganda na Naijeria, alikuja kuongoza shambulio mwezi wa Juni 1888, akapigwa risasi akajeruhiwa vibaya, na boma halikuvunjwa. Mwaka wa 1889 Harry Johnston alifanya mapatano. Mwaka wa 1895, mwezi wa Desemba, alirudi na askari na mizinga, akalivunja boma, na Mlozi akatundikwa.

Watu waliokufa Kambwe hawakuwa na bunduki, nasi hatuwezi kumwambia mtu kwamba wangalikuwa nazo wangalikufa vilevile. Lakini twaona pia ya kuwa miaka minane ya kulindana kwa bunduki haikumaliza jambo. Lilimalizwa na serikali yenye mizinga, na serikali hiyo ilipokwisha kumaliza ikabaki.

Sasa tufike kwenye sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17, na Unguja mojawapo, yalitia sahihi mapatano katika mji wa Brussels, nchi ya Ubelgiji, ya kuikomesha biashara ya watumwa. Waliona, na waliona kweli, ya kuwa biashara hiyo ilisimama juu ya bunduki. Kwa hiyo walikubaliana kuzuia silaha zisiingizwe katika Afrika yote tangu mstari wa 20 kaskazini ya Ikweta hata mstari wa 22 kusini. Lakini walitoa ruhusa kidogo: gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa mahali pengine kwa masharti, bunduki za namna mpya, zipigazo mbali kwa shabaha, zilikatazwa isipokuwa kwa serikali na kwa watu waliopewa kibali. Nia ilikuwa njema, wala hatuna shaka ya kuwa watu wengi waliokoka utumwani kwa ajili yake. Pamoja na hayo, tazameni ni nani aliyebaki na gobori na ni nani aliyebaki na bunduki ya kweli.

Msomaji wa Biblia atakumbuka sura ya 13 ya kitabu cha kwanza cha Samweli, jinsi Wafilisti walivyohakikisha ya kuwa katika Israeli hapana mhunzi, hata Waisraeli walilazimika kuwashukia Wafilisti kunoa majembe na mashoka yao. Sisi watu wa nchi ya wahunzi twaisoma sura ile kwa jicho letu wenyewe. Anayetawala hutaka kujua silaha ziko wapi, awe mwema au awe mbaya.

Wadachi, ndio Wajerumani, walitawala upande wetu kutoka Langenburg penye Ziwa Nyasa, na baadaye kutoka Tukuyu. Uvamizi ukakoma. Watu wakatoka katika maboma, wakajenga kila mtu penye shamba lake, kama tuonavyo hata leo. Hilo ni jambo kubwa, nasi tusilidharau kwa sababu lilifanywa na wageni. Mwaka wa 1896 gavana von Wissmann alitoa amri ya wanyama, kwamba mtu asiwinde wanyama wakubwa bila cheti cha kulipiwa. Basi ndovu, aliyekuwa sababu ya bunduki, akaondolewa mikononi mwa wawindaji wetu. Na adui, aliyekuwa sababu ya pili, akaondoka pia. Gobori likabaki na nguruwe na nyani wa mashambani. Kazi hiyo si ndogo kwa mwenye mahindi, lakini hapana aliyetunga hadithi juu yake.

Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907 havikuwaka kwetu Mbozi, ila viliwaka Ungoni na Ubena, si mbali sana. Wapiganaji wengi walikuwa na magobori yao pamoja na mikuki, na waliamini dawa ya maji itazigeuza risasi za Wadachi. Magobori hayakuwafaa mbele ya bunduki za mfululizo. Serikali ya Wadachi ilikisia waliokufa kuwa 75,000; wanahistoria wengine wamesema ni 250,000 au zaidi, na wengi wao waliuawa na njaa, maana vyakula viliteketezwa kusudi. Kisha vikaja vita vya Wazungu wenyewe. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kwa safu nne, moja ikielekea Igamba, hapa hapa Mbozi. Na mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck likapita Mbozi likielekea Fife, likiwa katika safari yake ya mwisho. Katika vita hivyo watu wa nchi hii walichukua mizigo. Bunduki zilizopita katika nchi yetu zilikuwa nyingi kuliko wakati wo wote, na hapana hata moja iliyokuwa ya kutulinda.

Mpaka hapa tumesema kama waandishi wa habari za kale tu. Lakini waliotuuliza walikuwa wametoka kanisani, nao walitaka kujua Wakristo waliotutangulia walifanyaje. Hapa ndipo tulipokuta mambo yaliyotusumbua.

Wamisionari wa kwanza wa Universities' Mission, walioongozwa na Askofu Mackenzie, walikaa Magomero katika nchi ya Malawi ya leo mwaka wa 1861, pamoja na watumwa waliokombolewa njiani. Walipoona Wayao wakiwateka majirani zao, askofu alichukua bunduki akaenda kupigana nao, zaidi ya mara moja. Alisema hawezi kukaa kimya huku walio chini ya ulinzi wake wanauzwa. Huko Uingereza watu wakagombana juu ya jambo hilo, na Wakristo wakubwa wakamlaumu. Askofu mwenyewe alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, na aliyemfuata aliuhamisha utume kwenda Unguja. Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 1882, Wangoni walioitwa Magwangwara waliishambulia Masasi, penye utume ule ule. Safari hii wamisionari hawakupiga bunduki. Kijiji kikaharibiwa, watu wakachukuliwa mateka, wengine wakakombolewa baadaye kwa mali, na Chauncy Maples akahamia Newala pamoja na watu wake. Basi watu wa utume mmoja walijaribu njia zote mbili, na kila njia ikawa na makaburi yake.

Lakini sisi wa Mbozi tulilelewa na Kanisa la Moravian, lililofika Rungwe mwaka wa 1891 na Mbozi karibu na mwaka wa 1900. Kanisa hili linazo habari zake katika jambo hili, za kale kuliko utume wowote wa Afrika, nazo hazisimuliwi mara nyingi. Twaomba wasomaji watuvumilie tukizieleza kwa urefu.

Jan Hus alipochomwa moto mwaka wa 1415, wafuasi wake katika nchi ya Bohemia walishika silaha. Mkuu wao, Jan Žižka, mtu wa jicho moja ambaye mwishowe akawa kipofu kabisa, aliwafundisha wakulima kuyafunga magari yao pamoja yakawa boma, na kupiga bunduki kutoka ndani yake. Walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika Ulaya kutumia bunduki vitani kwa wingi, hata wataalamu wengi husema neno la Kizungu lililotupa sisi "bastola" lilitoka katika lugha yao. Waliwashinda wafalme. Kisha wakapigana wenyewe kwa wenyewe, wakaisha. Katika majivu hayo mtu mmoja, Petr Chelčický, alifundisha ya kuwa Mkristo haui, hata vitani, hata kwa kuitetea imani. Na watu waliosoma maneno yake wakakusanyika Kunwald mwaka wa 1457. Hao ndio mwanzo wa Kanisa letu. Yaani Kanisa letu lilizaliwa na watu waliokwisha kuona bunduki zinafanya nini mikononi mwa wenye haki.

Miaka karibu 300 ikapita. Wamoravian walikuwa wamehamia Marekani, wakajenga mji wa Bethlehem katika Pennsylvania, wakawahubiri wenyeji wa nchi ile. Mwaka wa 1749 Bunge la Uingereza liliwapa ruhusa ya kutoshika silaha. Halafu, mwezi wa Novemba 1755, wakati wa vita vya Wafaransa na Waingereza, wenyeji waliokuwa upande wa Wafaransa waliishambulia nyumba yao ya utume katika kijiji cha Gnadenhütten usiku, wakawaua watu 11. Baada ya muda mfupi Benjamin Franklin, mtu mashuhuri wa nchi ile, alipita Bethlehem, akashangaa. Aliona mji umezungushiwa boma. Ndugu wanalinda zamu na bunduki walizoziagiza kutoka New York. Na juu, penye madirisha ya nyumba ndefu za mawe, yamewekwa marundo ya mawe ili wanawake wawatupie adui vichwani. Franklin akamwuliza Askofu Spangenberg, akisema alidhani ninyi hamshiki silaha. Askofu akajibu ya kuwa lile halikuwa sharti la imani yao, ila walipoomba ruhusa ile walifikiri wengi wao wanaliamini. Na sasa saa ya hatari ilipofika wameona, nao wakashangaa, kwamba wanaoliamini ni wachache tu. Sisi twampenda Spangenberg kwa jibu hilo. Hakujitetea, wala hakutafuta mstari wa Maandiko wa kujifunika.

Sasa sikieni habari ya pili. Kijiji kingine kilichopewa jina lile lile la Gnadenhütten kilikuwa Ohio, nacho kilikuwa cha Wakristo wa kabila la Lenape, ambao Wazungu waliwaita Delaware. Mwezi wa Machi 1782, katika vita vya Marekani vya kujitawala, walikuwa mashambani wakivuna mahindi yaliyosalia, maana njaa iliwabana. Wakaja wanamgambo wa Pennsylvania, raia wenye bunduki zao, waliokuwa wakiwatafuta watu waliowaua jamaa zao. Walijifanya rafiki. Wale Wakristo walikuwa na bunduki za kuwindia. Wakaombwa wazitoe, wakazitoa kwa amani. Walipokwisha kuzitoa wakafungwa, wakaambiwa watakufa. Waliomba wapewe usiku mmoja. Wakapewa, wakautumia kusali na kuimba. Asubuhi ya tarehe 8 Machi wakauawa mmoja mmoja, watu 96: wanaume 28, wanawake 29, watoto 39. Wavulana wawili waliponyoka wakaleta habari.

Tulipowasomea wazee wetu habari hii walinyamaza kwa muda mrefu. Kijana mmoja akasema, "Mwaona, walizitoa bunduki zao." Na mzee yule yule wa kwanza akasema, "Naona pia ya kuwa waliowaua walikuwa raia waliojinunulia bunduki za kujilinda." Maneno yote mawili ni kweli.

Marekani yenyewe haijamaliza shauri hili. Katiba yao ilitiwa nyongeza mwaka wa 1791 inayotaja mgambo na haki ya watu ya kuwa na silaha, na kwa zaidi ya miaka 200 walibishana kama haki ile ni ya mgambo au ya kila mtu nyumbani mwake. Mahakama yao kubwa iliamua mwaka wa 2008 ya kuwa ni ya kila mtu, majaji watano wakikubali na wanne wakikataa. Kwetu Tanzania sheria haikuchukua njia hiyo kamwe. Silaha ni ya kibali. Sheria ya 1991 na ile ya 2015 iliyoifuta zote zataka mtu apewe leseni kwanza, na gobori lililofuliwa kijijini limo vilevile. Lakini haki ya kujilinda haikuondolewa: Kanuni ya Adhabu yaruhusu mtu kujitetea nafsi yake, au mwenzake, au mali yake, ila nguvu azitumiazo zilingane na hatari iliyopo. Sheria hiyo inafanana na ile ya kitabu cha Kutoka, sura ya 22, ambayo mwizi akipigwa akafa katika kuvunja nyumba usiku hapana hatia ya damu, lakini jua likiwa limekwisha kumchomozea, hatia ipo. Usiku hujui amekuja kufanya nini; mchana waweza kumtambua na kuita watu. Twaona waliotunga sheria zote mbili waliwafikiri watu walio na hofu kama sisi.

Na katika nchi yetu pamekuwa na jaribio moja kubwa la raia kujilinda, nalo halikutumia bunduki. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 wizi wa ng'ombe ulizidi katika Usukuma na Unyamwezi, maana bunduki zilikuwa zimeenea. Karibu na mwaka wa 1982, upande wa Kahama, wanavijiji wakaunda sungusungu, wakichukua pinde na mishale, na kupiga kelele ya kuitana toka kijiji hata kijiji, mpaka mwizi akakosa njia ya kupita. Wizi ulipungua sana. Mwaka wa 1989 sheria iliwatambua. Lakini hao hao waliwapiga watu bila ushahidi, na wengine waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Hawakuhitaji bunduki kwa hilo pia.

Maoni yetu, kwa kuwa tuliombwa, ni haya. Zamani za boma twazielewa kuliko zamani za bunduki, na tukichaguliwa leo tungechagua zamu ya usiku, filimbi, na jirani atokaye nje akiisikia. Lakini hatuwezi kumwambia mtu aliyepigwa mbele ya watoto wake kwamba akiomba leseni kwa halali ametenda dhambi. Bwana wetu alimkataza Petro upanga, na usiku ule ule wanafunzi walikuwa na panga mbili, naye alikuwa amesema zatosha. Wenye elimu kuliko sisi wamechoka juu ya maneno hayo mawili.

Katika mkutano wa pili hapa Ihanda zamu zimepangwa, nyumba kumi kumi, na filimbi zimenunuliwa. Fedha za kahawa sasa wengi huziacha benki huko Vwawa. Vijana wawili wamekwisha kupeleka maombi yao ya leseni kwa polisi, wakiwa na barua ya kijiji. Mmoja wao ni mwana wa yule mzee, na mzee ndiye aliyemwandikia barua.